Jino litoke asubuhi, jingine liingie mchana?

Mtu akiambiwa jino lake la mbele haliponi, swali linalomtoka kabla hata ya bei ni hili: nitakaa na pengo mpaka lini? Matangazo ya kliniki za meno, ziwe za Nairobi, Dubai au Istanbul, yana jibu tamu: hata siku moja. Jino linang'olewa, kipandikizi cha titaniamu kinaingizwa kwenye tundu lilelile kabla ganzi haijaisha, na mgonjwa anatoka mlangoni akiwa na jino. Jambo hilo linawezekana na linafanyika. Ninachokitilia shaka ni namna linavyouzwa, kana kwamba mtu anaagiza kitu dukani, ilhali kila kitu kinategemea daktari atakuta nini tunduni baada ya jino kutoka.

Ahadi hiyo imebeba mambo mawili ambayo inafaa kuyatenganisha. Kipandikizi ni skrubu inayokaa ndani ya mfupa wa taya. Jino lenyewe, yaani kofia inayoonekana mtu akicheka, hufungwa juu yake. Skrubu inaweza kuingia leo, kofia ikangoja miezi. Ili kofia ya muda ifungwe siku hiyohiyo, skrubu lazima iwe imeshika mfupa barabara, na madaktari wengi hutaka kipimo cha nguvu ya kukaza kifike kama nyutoni-sentimita 35. Isiposhika hivyo inafunikwa, na mgonjwa anarudi nyumbani na jino la bandia la kuvaa na kuvua. Hata ikishika, kofia hiyo ya muda hufupishwa makusudi isigusane na meno ya taya la pili. Ni jino la kuchekea harusini. Mahindi ya kuchoma yasubiri.

Utaratibu wa kungoja ulitoka kwa mwasisi mwenyewe. Per-Ingvar Brånemark, Msweden aliyemwekea mgonjwa wake wa kwanza vipandikizi vya titaniamu mwaka 1965, alitaka tundu lipone kwanza, kisha skrubu izikwe chini ya fizi kwa miezi 3 kwenye taya la chini na hadi 6 kwenye taya la juu. Mgonjwa wa zama hizo alikaribia kumaliza mwaka. Ila hata kutongoja si jambo la jana: katika miaka ya 1970 Mjerumani Wilfried Schulte, huko Tübingen, alikuwa tayari akiweka vipandikizi vya kauri kwenye matundu mabichi. Leo wataalamu wanaugawa muda huo mafungu manne: siku ileile, wiki 4 hadi 8, wiki 12 hadi 16, na zaidi ya miezi 6. Mazungumzo ya kliniki mara nyingi huishia kwenye fungu la kwanza na la mwisho, utadhani hakuna kitu katikati. Mimi fungu la pili naliona ndilo linalowafaa wengi. Katika wiki hizo fizi inakuwa imeshafunga juu ya tundu, usaha kama ulikuwepo umekauka, na mfupa haujapungua kiasi cha kuleta taabu.

Hoja iliyokuwa na nguvu kuliko zote upande wa siku moja ilikuwa hiyo ya mfupa. Jino likitoka, ukingo wa taya unasinyaa: katika mwaka wa kwanza unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, na theluthi mbili za hasara hiyo hutokea ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Basi ilidhaniwa kwamba skrubu ikiwahi kuingia, mfupa utabaki na kitu cha kushikilia. Majaribio ya watafiti Araújo na Lindhe kwa mbwa, yaliyochapishwa mwaka 2005, yaliikata hoja hiyo. Ukuta wa nje wa tundu ulipungua vilevile, skrubu ikiwa ndani. Kwenye meno ya mbele ya juu ukuta huo mara nyingi haufiki unene wa milimita 1, na sehemu kubwa ya damu yake inatokana na ule utando unaoshika mzizi. Jino likienda, utando unaenda nalo. Skrubu haina utando.

Kwa sababu hiyo kazi hii ikifanywa vizuri haifanani na ung'oaji tuliouzoea. Koleo la kutikisa jino nje-ndani linawekwa kando, maana mtikiso huo ndio unaovunja ukuta wa mbele. Daktari anapitisha wembe mwembamba kati ya mzizi na mfupa, anazunguka taratibu; mzizi ukigoma anaupasua vipande na kuvitoa kimoja kimoja. Kisha anakwangua tundu na kupapasa kuta zake kwa kipimo chembamba, kuona kama zote nne zipo. Kuchimba nako hakufuati katikati ya tundu. Ncha ya mashine inaegemezwa kwenye ukuta wa ndani, upande wa kaakaa, na kushuka milimita 3 hadi 5 kupita mwisho wa mzizi, kwenye mfupa ambao haujaguswa. Mbele ya skrubu unabaki mwanya wa milimita 2 hivi, unaojazwa chembechembe za mfupa. Skrubu ikiegemea mbele kidogo tu, baada ya mwaka fizi inapanda na jino linaonekana refu kuliko mwenzake. Kwa mtu anayecheka hadi fizi zionekane, hilo ni pigo, hata kama skrubu yenyewe ni ngumu kama jiwe.

Kwa takwimu, uchambuzi mmoja wa mwaka 2019 ulilinganisha vipandikizi vya siku ileile na vya kungoja, ukakuta vilivyodumu ni asilimia 94.9 dhidi ya 98.9. Muuzaji atasoma hapo kwamba 95 kati ya 100 vinashika, na hatakuwa amedanganya. Mtu mwingine atasoma kwamba vinavyopotea ni 5 badala ya 1, naye hajadanganya. Anayelipa kutoka mfukoni, kama wengi wetu, bora asome kwa namna zote mbili.

Sasa kuna hoja ya upande wa siku moja inayosikika zaidi kwetu kuliko Ulaya. Mgonjwa akiambiwa arudi baada ya wiki 8, huenda asirudi kabisa. Ada ya shule inaingia, shamba linahitaji mbolea, maumivu yamekwisha, na pengo analizoea. Akija baada ya miaka 3, taya limekonda, na sasa anahitaji kuongezewa mfupa, kwa gharama juu ya gharama. Hoja hii naiheshimu. Lakini igeuze uione nyuma: kipandikizi cha siku moja ndicho kinachohitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi wiki za mwanzo, maana skrubu ikianza kucheza, mgonjwa ataiona kofia tu. Asiyeweza kurudi kwa ajili ya hatua ya pili, atarudije kukaguliwa?

Vivyo hivyo kwa wanaosafiri. Mkaazi wa London anayekwenda Uturuki kwa wiki moja, au mtu wa Mwanza anayekwenda India, anapenda siku moja kwa sababu ya tiketi na viza. Hiyo ni ratiba ya ndege, na taya haliifuati. Skrubu ikilegea mwezi wa pili, daktari wa nyumbani mara nyingi hana vifaa vya aina ile ya kipandikizi, wala hajui kilichofanyika.

Anayefaa hasa kwa kipandikizi cha siku moja ni yule ambaye jino lake limevunjika kwa ajali au mzizi umepasuka bila usaha, kuta zote za tundu ni nzima, fizi ni nene, havuti sigara, na kisukari, kama anacho, kimedhibitiwa. Meno ya nyuma ni mtihani mwingine: mizizi yake imetawanyika, chini kuna mshipa wa fahamu wa taya, na juu kuna uwazi wa hewa. Eksirei ya pande tatu huonyesha mengi mapema, ila haitabiri kama ukuta utastahimili kung'olewa.

Kwa hiyo ukipewa makadirio ya bei, dai yaandikwe mara mbili: bei tundu likikubali, na bei likikataa. Hiyo ya pili ionyeshe jino la bandia la kuvalia wakati wa kungoja, lililotengenezwa kabla ya siku ya kung'oa, na gharama za kurudi kwa upasuaji wa pili. Kliniki inayofanya kazi hii mara kwa mara inazo hesabu hizo tayari, kwa kuwa imeshakutana na matundu yaliyokataa.