Kabla Hawajaweka Geti Jangwani

Kila mvua kubwa ikinyesha Dar, kundi letu la WhatsApp la Wabongo tulioko kusini mwa London linajaa video za Jangwani. Barabara ya Morogoro imefungwa, mwendokasi zimesimama, mtu anavushwa kwa mkokoteni kwa pesa. Baada ya video huja hukumu, na hukumu haibadiliki: watu wetu ni wachafu, oneni huku Ulaya mito ilivyo misafi. Anayeandika hivyo mara nyingi anakaa Catford au Lewisham, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mto ambao miaka thelathini iliyopita ulikuwa mfereji wa zege wenye uzio. Hajui, na simlaumu. Ukiukuta mto tayari una nyasi, bata na watoto wanaochezea maji, utadhani Mungu aliuumba hivyo.

Mto wenyewe unaitwa Quaggy. Ni kijito tu. Msimbazi, ule mto unaofurika Jangwani, ukiwa na hasira unaweza kukimeza bila kujua umemeza nini. Unaanzia upande wa Bromley, unapita Chinbrook Meadows na Sutcliffe Park, unaingia Lewisham na pale karibu na stesheni unakutana na Ravensbourne, kisha safari ni moja hadi Deptford na Thames. Miaka ya 1930, walipotengeneza Sutcliffe Park, mto uliingizwa kwenye kalavati chini ya ardhi, juu yake yakabaki majani na viwanja vya michezo. Septemba 1968 ikaja mvua na Lewisham ikazama. Jibu la mainjinia wa enzi zile lilikuwa zege: nyoosha mto, ongeza kina, mwaga zege chini na ubavuni, maji yapite haraka. Na kweli yakapita haraka. Shida ya maji yanayoondoka haraka kwako ni kwamba yanafika haraka kwa jirani aliye chini.

Ilipofika mwaka 1990, mamlaka ya mito ilikuwa inataka kuongeza dozi ileile, mto uchimbwe zaidi na upanuliwe zaidi. Wakazi wakakataa. Wakaunda kikundi chao, Quaggy Waterways Action Group, wakadai kitu ambacho kwa fundi wa zege kilikuwa kichekesho: maji yasikimbizwe, yapewe mahali pa kukaa huko juu kabla hayajafika mjini. Walibishana na wataalamu kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2002 zege likabomolewa Chinbrook Meadows. Mwaka 2004 Sutcliffe Park ikafunguliwa upya, mto ukiwa umetolewa chini ya ardhi na kurudishiwa kona zake, na bustani yenyewe imechimbwa ikawa kama bakuli la kupokea mafuriko, lenye nafasi ya mita za ujazo 85,000. Mvua kubwa ikija bustani inafurika kwa makusudi, ili nyumba za Lewisham zisifurike. Mbwa wanakosa matembezi siku mbili tatu, basi.

Ladywell Fields, bustani iliyo kando ya Ravensbourne, ilifuata mwaka 2007 na 2008, safari hii kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya katika mradi ulioshirikisha miji ya Chester na 's-Hertogenbosch ya Uholanzi. Walichimba mkondo mpya wa mto katikati ya uwanja, kina kifupi, kingo za kuteremka taratibu, ili mtoto aweze kuingia na kutoka bila kuitiwa zimamoto. Nenda Jumamosi ya Julai jua likiwaka. Utakuta Wajamaika, Wapolandi, Watamil, Wanaijeria, na sisi na pilau letu kwenye hotpot, watoto wamekunja suruali wanavua samaki wadogo kwa vineti. Hakuna anayekuuliza umetoka wapi wala umelipa nini. Hicho ndicho ninachokitamani kutoka huku.

Sasa turudi kwenye hukumu ya kundi, kwamba eti ni ustaarabu. Hawa wenzetu waliunukisha mto Thames mwaka 1858 hadi wabunge wakashindwa kukaa ndani ya jengo lao, na ndipo pesa za mabomba ya majitaka zikapatikana mara moja. Mwaka 1957 Thames hiyohiyo ilitajwa kuwa mto uliokufa, hauna uhai. Na leo hii, mwaka huu tulio nao, mvua ikizidi, kampuni za maji Uingereza zinaachia kinyesi kwenye mito na baharini, ni kashfa ya kila siku kwenye magazeti. Kwetu mwenye choo cha shimo akisubiri mvua afungulie, tunaita kutapisha na tunamsema mtaa mzima. Huku anayetapisha ni kampuni, na bili anakutumia. Nao wakazi wa Lewisham bado kuna siku wanavaa mabuti ya mpira marefu, wanaingia mtoni kujitolea, na wanachotoa humo ni trolley za supermarket, baiskeli na matairi. Wachafu wapo kila mahali. Ila hapa gari la taka linapita mlangoni bila kukosa, hata kwa mpangaji wa chumba kimoja. Kigogo au Tandale, penye vichochoro ambavyo gari haliingii, mtu aweke taka wapi? Mpeni mahali kwanza, halafu ndiyo tumpime tabia.

Kilichouokoa Quaggy ni ardhi. Walipotaka kuurudishia mto nafasi yake, nafasi ilikuwepo: bustani za umma ambazo hakuna aliyejenga. Na hazikubaki wazi kwa sababu ya roho nzuri ya mtu. Pale Honor Oak, mwendo mfupi kutoka Lewisham, kuna kilima kinaitwa One Tree Hill. Mwaka 1896 klabu ya gofu ilikizungushia uzio. Mwaka uliofuata wenyeji, maelfu kwa maelfu, wakakivamia, polisi wakaja, ikawa vurugu. Mwaka 1905 kilima kikafunguliwa kuwa bustani ya umma. Unapopanda kule leo kutazama majengo ya City, mtaa wa mabenki wa London, unapita juu ya ushindi wa watu waliokataa geti.

Miaka michache baadaye Waingereza haohao wakachukua Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani, na kule wakafanya kinyume. Uwazi wa Mnazi Mmoja haukuachwa ili mtu wa Kariakoo apunge upepo. Ulikuwa mpaka. Ulitenganisha Uhindini na Uswahilini, kama ambavyo Uzunguni ilikuwa na nyasi zake na upepo wake wa bahari. Viwanja vya gofu vya Gymkhana viko palepale katikati ya jiji mpaka leo, kwa wanachama. Kwa hiyo eneo la wazi katika Dar lilizaliwa likiwa na kazi ya kuwazuia watu, na nadhani hatujalifundisha kazi nyingine vizuri.

Ajabu ni kwamba bonde la Msimbazi tunalipenda kwa majina. Simba ni Wekundu wa Msimbazi, Yanga ni Watoto wa Jangwani. Ugomvi mkubwa kuliko yote nchini unabeba majina ya bonde moja. Lakini mto wenyewe, unaotoka milima ya Pugu, ukapita Vingunguti na Kigogo na Jangwani hadi baharini pale Salender, tuliugeuza mgongo. Ukawa wa wachimba mchanga, wa bustani za mchicha zinazomwagiliwa maji ambayo kila mtu anajua yamepita wapi, na wa wakazi wa mabondeni.

Hao wa mabondeni wanasemwa sana na tulioko mbali. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kweli. Ila mtu anayeuza Kariakoo na hana nauli ya kila siku atapanga wapi? Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Serikali ikatoa viwanja Mabwepande, na wapo waliokwenda kisha wakarudi, maana Mabwepande kulikuwa na kiwanja lakini hakukuwa na kibarua. Mwisho wa 2015 zikaja alama za X nyekundu na matingatinga. Kisha mvua nyingine, mafuriko mengine.

Sasa kuna mradi mkubwa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi: daraja jipya Jangwani, kusafisha na kupanua mto, na bustani kubwa ya jiji pale palipokuwa na nyumba. Nauunga mkono. Wazo ni lile la Sutcliffe Park, mto upewe upana wake, na ardhi inayozama iwe ya kitu ambacho kuzama si msiba. Ni bora mara mia kuliko kuongeza zege. Mto Ng'ombe tayari umejengewa kingo za zege kupitia DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar, na watu wa Sinza na Tandale wana haki ya kufurahi, lakini maji yale yanakwenda wapi? Yanakwenda Msimbazi, tena kwa kasi.

Nina hofu mbili lakini. Ya kwanza naitaja kwa kifupi kwa sababu mainjinia wanaijua kuliko mimi: Msimbazi unabeba mchanga. Vilima vya Pugu na Kisarawe vikivuliwa miti, vikichimbwa na kujengwa ovyo, mvua moja inashusha malori ya udongo hadi Jangwani. Quaggy hauna tatizo hilo kwa kiwango hicho. Bustani ya chini bila kazi ya juu itafukiwa, na tutaanza tena kuchimba.

Ya pili ndiyo inayoninyima raha. Nani ataingia?

Kila aliyekulia Dar anakijua kiwanja fulani cha chandimu ambacho leo ni kituo cha mafuta, ukumbi wa harusi au safu ya fremu. Maeneo ya wazi yanavamiwa mchana kweupe, kwa hati. Na pale ambapo bustani imepandwa maua vizuri, anawekwa mlinzi wa kukufukuza usikae kwenye nyasi, halafu kinakuja kibanda cha tiketi, halafu mzabuni, halafu mgahawa wa juisi ya shilingi elfu kumi. Haya si mawazo ya mtu wa Ulaya anayenung'unika. Ni njia ya kawaida ambayo kitu cha umma hupita kikianza kupendeza.

Wala Lewisham haijanusurika. Mahali Quaggy na Ravensbourne inapokutana wamechonga kijisehemu kizuri cha kukaa, na kukizunguka yameota maghorofa ambayo matangazo yake yanauza mandhari ya mto. Kodi zimepanda. Siwezi kusema ni kwa sababu ya mto tu, London nzima imepanda, ila wenzetu kadhaa wa kundi lile wamehamia Kent, na bustani waliyoizoea sasa wanaifuata kwa treni. Bustani yenyewe bado haina tiketi, hilo nalisifu. Kukaa jirani nayo ndiko kuliko na bei.

Kwa Jangwani bei hiyo imeshaanza kulipwa, kwa sababu bustani inakaa mahali pa nyumba zilizobomolewa. Waliokuwa pale wamepokea fidia, wengine wakilalamika kwamba haitoshi kununua hata kiwanja cha maana nje ya mji. Sitaki tujidanganye kwamba ni sawasawa na Sutcliffe Park, ambako hakuna familia iliyofungasha virago kuupisha mto. Hapa watu wamelipa bonde kwa nyumba zao. Watoto wao wakizuiwa getini baadaye kwa kukosa kiingilio, itakuwa dhuluma mara mbili.

Na hatuhitaji kwenda London kujifunza bustani isiyo na geti inavyofanya kazi. Tunayo Coco Beach. Jumapili jioni, mihogo, pilipili, bodaboda, wapendanao, watoto wa Tandale na wa Masaki kwenye maji yaleyale. Pana kelele, pana taka, panahitaji vyoo vya maana, lakini hakuna anayeulizwa anatafuta nini pale. Jangwani nayo imeshakuwa hivyo kwa namna yake: mikutano ya hadhara, mpira, ngoma. Mchoro mzuri ungeanzia kwenye matumizi hayo badala ya kuyafagia ili picha ipendeze kwenye kipeperushi.

Kwa hiyo ombi langu kwa waliopo nyumbani, na kwa wale wa kundi letu wenye ndugu Magomeni, Kigogo na Ilala: acheni kutuma video tu. Halmashauri ziko, madiwani wapo, mikutano ya serikali za mitaa inaitishwa. Idaiwe sheria ndogo sasa hivi, wakati bado ni matope na matingatinga: hakuna kiingilio, viwanja vya mpira havikodishwi kwa saa, vibanda vya mama lishe vigawiwe kwanza kwa waliohamishwa bondeni, na kipande chochote kisibadilishwe matumizi bila mkutano wa wakazi wa kata zinazopakana na mto. Wazabuni wa maegesho na migahawa wataanza kujipanga mapema kuliko sisi, na wao hawasubiri mvua.