Uzito wa begi la shule huamuliwa na watu wazima

Mpwa wangu ana umri wa miaka minane na uzito wa kilo 24. Nilipokuwa nyumbani Tanzania kwa likizo, nilimsindikiza shuleni asubuhi moja nikitembea hatua chache nyuma yake, na kilichonivuta macho ni mikono yake: alikuwa ameingiza vidole gumba chini ya mikanda ya begi, akiisukuma mbele ili isimkate mabegani. Kichwa kilikuwa kimetangulia, kiwiliwili kimeinama, na kila alipotaka kunijibu ilimbidi kwanza asimame ndipo ageuke. Jioni nililipima begi lile kwenye mzani, nikakuta kilo 5.4, ambazo ni zaidi ya moja ya tano ya uzito wake.

Wakubwa tuna desturi ya kumkaripia mtoto wa namna hiyo tukimwambia anyooke, kumbe kuinama kwake si uvivu. Mzigo ukikaa mgongoni huvuta uzito wote wa mwili kuelekea nyuma, na mtoto asipoinama ataanguka chali. Sasa kiwiliwili kikishainama, macho bado yanataka kuona njia, kwa hiyo shingo husukumwa mbele, kidevu huinuliwa, na misuli ya nyuma ya shingo hukaza kwa muda wote wa safari. Begi likining'inizwa kwenye bega moja, bega hilo hupanda ili mkanda usiteleze, na uti wa mgongo nao hupinda kwenda upande. Mikanda ikiwa myembamba hugandamiza mishipa ya fahamu inayoshuka kutoka shingoni kwenda mkononi, ndiyo maana mtoto mwingine hulalamika kwamba vidole vinakufa ganzi, na malalamiko hayo si ya kupuuzwa.

Huku Ujerumani ninakoishi jambo hili huchukuliwa kwa uzito mkubwa, angalau kwa upande wa begi lenyewe. Mtoto anayeanza darasa la kwanza hujaribishwa begi kama anavyojaribishwa viatu. Begi huwa gumu, lenye mgongo uliotengenezwa kwa kufuata umbo la mwili, na aghalabu lina mkanda wa kufunga kifuani. Ipo hata kanuni ya viwango, DIN 58124, inayohusu mabegi ya shule, ikiwa ni pamoja na sehemu zinazong'aa ili mtoto aonekane na madereva. Niliyaamini hayo yote kiasi cha kutowahi kuuliza begi la binti yangu lina uzito gani. Niliporudi kutoka nyumbani, nikiwa bado na picha ya vile vidole gumba, nilimpima: yeye kilo 26, begi kilo 4.7. Begi tupu peke yake lilikuwa na kilo 1.2. Ndani mlikuwa na chupa ya maji ya lita moja, karatasi za wiki mbili zilizokwisha kusahihishwa, sanduku la rangi ambalo halikuwa na kazi siku hiyo, na vitabu viwili vinene ambavyo, kama alivyoniambia mwenyewe kwa mshangao, vingeweza kubaki shuleni, kwa sababu kila mtoto ana sehemu yake kwenye rafu ya darasa. Tulipomaliza kuyatoa, mzani ulisoma kilo 2.3.

Kwa hiyo ninaloliona la kuigwa ni ile rafu. Begi zuri husaidia, sikatai, lakini haliwezi kuwa jepesi kuliko vilivyomo ndani yake.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani hushauri begi lisizidi kati ya asilimia 10 na 20 ya uzito wa mtoto, na sera ya India ya mwaka 2020 ilichagua asilimia 10, ikaeleza kwamba watoto wa shule ya awali wasibebe begi kabisa. Hapa lazima niseme pia jambo ambalo wazazi wenzangu hawapendi kulisikia. Begi zito halisababishi ugonjwa wa uti wa mgongo kupinda unaoitwa skoliosisi, na mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la British Journal of Sports Medicine hayakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba begi ndilo chanzo cha maumivu ya mgongo kwa watoto. Tusiwatishe watoto kwa kuwaambia watapata kibiongo. Hata hivyo, sihitaji ugonjwa wa kudumu ndipo niruhusiwe kumtua mzigo mtoto aliyeinama mbele ya macho yangu, anayefika darasani amekwisha kuchoka kabla ya somo la kwanza. Mtoto akisema begi ni zito, aaminiwe.

Kule nyumbani mpwa wangu hubeba madaftari ya masomo yote kila siku, yawe kwenye ratiba au yasiwepo, kwa kuwa hakuna mahali pa kuyaacha na kwa kuwa anaogopa adhabu ya kusahau daftari. Hofu hiyo ina uzito wake ndani ya begi. Wala silaumu walimu, maana darasa lenye watoto wengi na lisilo na kabati haliwezi kutunza vitabu vya watu. Nilichomwomba dada yangu ni kwamba kila jioni wakae na mtoto, wasome ratiba pamoja, vitu vizito vikae karibu na mgongo, na mikanda ikazwe mpaka begi lisivuke kiuno kwenda chini. Alikubali, kisha akaenda mbali kuliko nilivyofika mimi: alizungumza na mwalimu wa darasa, na wazazi kadhaa wakatengeneza kabati la mbao. Begi sasa lina kilo 3.1. Ila siku ya Ijumaa vitabu vyote bado hurudi nyumbani mgongoni, kwa sababu kabati halina kufuli.