Kapu la farasi lina uwazi ambao mkeka hauna

Tarehe 1 Oktoba 2006 maelfu ya Wajapani walifurika uwanja wa Longchamp, Paris, kumshangilia farasi wao Deep Impact kwenye mbio za Arc de Triomphe. Walipanga foleni kwenye madirisha ya tiketi wakamwekea dau yeye tu, na wengine hawakuwa hata na nia ya kwenda kuchukua hela. Tiketi yenyewe ilikuwa kumbukumbu ya kurudi nayo nyumbani. Odi ya farasi huyo, yaani mara ngapi ya dau utalipwa akishinda, kwenye mashine za Ufaransa ikaporomoka hadi chini ya 2, wakati ng'ambo ya bahari, kwa makampuni ya Uingereza yanayopanga odi zao wenyewe, farasi yuleyule alikuwa analipa vizuri zaidi. Deep Impact akamaliza wa tatu, nyuma ya Rail Link na Pride, na baadaye akafutiwa hata hiyo nafasi kwa sababu ya dawa iliyokutwa mwilini mwake.

Waliochekelea ni wenye tiketi za Rail Link. Mapenzi ya Wajapani yalikuwa yamewanoneshea malipo yao.

Naanza na kisa hiki kwa sababu watu wa huku kwetu, tuliozoea mikeka ya mpira (tiketi za kubashiri mechi nyingi kwa pamoja), tunachukulia kwamba odi ni bei iliyopangwa na mtu aliyekaa ofisini na kompyuta yake. Kwenye mbio za farasi, sehemu kubwa ya dunia haifanyi hivyo. Ufaransa, Japani, Hong Kong, Marekani: kote huko odi hupangwa na waweka dau wenyewe, bila wao kukusudia.

Utaratibu wake ni mwepesi. Madau yote ya mbio moja huingia kapu moja. Mwenye kapu hukata asilimia yake kabla ya kitu kingine chochote, na kinachobaki hugawiwa wenye tiketi za farasi aliyeshinda, kila mmoja kwa kadiri ya dau lake. Tuseme kapu limefika shilingi 100,000 na makato ni asilimia 20. Zimebaki 80,000 za kugawa. Kama kipenzi cha wengi alikuwa amewekewa 40,000, akishinda atalipa mara 2. Farasi aliyewekewa 10,000 atalipa mara 8. Yule wa mwisho, ambaye hakuna anayemtaka, ana 5,000 tu juu yake, kwa hiyo atalipa mara 16. Mwenye kapu anabaki na 20,000 zake ashinde nani, na ndiyo maana anaweza kutazama mbio kwa utulivu wa ajabu.

Sasa wewe umeona hiyo 16 kwenye ubao, macho yakakutoka, ukaenda dirishani na shilingi 10,000 umwekee huyo farasi asiyetakiwa. Kapu limekuwa 110,000, baada ya makato 88,000, na juu ya farasi wako sasa kuna 15,000. Akishinda atalipa chini kidogo ya mara 5.9. Ile 16 uliyoifuata umeiua kwa mkono wako. Kwenye viwanja vyenye kapu dogo, na Ngong pale Nairobi ni mojawapo, hili si jambo la vitabuni. Mtu mmoja mwenye mfuko mzito anaweza kuupindua ubao mzima, na hawezi kujificha, kwa sababu kila mtu anaona namba zikigeuka.

Mfumo huu ulibuniwa Paris katika miaka ya 1860 na Joseph Oller, mzaliwa wa Catalonia ambaye baadaye alishiriki kuanzisha ukumbi wa Moulin Rouge mwaka 1889. (Alikuwa na jicho la kujua mahali watu watakapoacha hela zao.) Sheria ya Ufaransa ya 1891 iliwafungia milango wapanga odi na kuuacha mfumo wa kapu. Kazi ngumu ilikuwa kuhesabu. Maelfu ya tiketi zinauzwa kwenye madirisha mengi kwa wakati mmoja, na mbio zinaanza baada ya dakika chache. Mhandisi George Julius wa Australia alikuwa ameunda mashine ya kuhesabia kura za uchaguzi, serikali ikaikataa, akaigeuza iwe ya kuhesabia madau. Ya kwanza ilifungwa kwenye uwanja wa farasi wa Ellerslie, Auckland, New Zealand, mwaka 1913, ikiwa na nyaya, kapi na vyuma vilivyojaza jengo zima. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta, na kutoka Dakar hadi Ouagadougou watu hukata tiketi za mbio zinazokimbiwa Vincennes, kando ya Paris.

Watetezi wa kapu hupenda kusema kwamba ni mfumo wa haki, kwa sababu "nyumba", yaani mwenye kapu, haichezi dhidi yako. Nakubali nusu. Nyumba haichezi, ila mtu mwingine anacheza. Hela yoyote unayoshinda imetoka kwa waliokaa nawe jukwaani, na unayopoteza imekwenda kwao, ukitoa makato. Kwa hiyo swali la kumchagua farasi mzuri halitoshi. Deep Impact alikuwa farasi mzuri sana. Unachotafuta ni farasi ambaye umati umemdharau kupita kiasi, na hapo unapimana akili na umati mzima baada ya kutozwa kodi ya asilimia 20. Wachache sana wanaoweza.

Wanaoweza, wameifanya biashara. Katikati ya miaka ya 1980 Mmarekani Bill Benter na Mwaustralia Alan Woods walikwenda Hong Kong na kompyuta, wakajenga hesabu za kukadiria nafasi ya kila farasi, na baada ya miaka kadhaa wakawa matajiri wa kutisha. Hong Kong Jockey Club, mwenye kapu wa huko, haikupoteza senti kwa ajili yao, maana makato yake (siku hizi ni asilimia 17.5 kwenye madau ya kawaida ya mshindi) ilikuwa imeshayachukua. Utajiri ule ulitoka kwa makarani, madereva na wazee wa uwanja wa Happy Valley waliokuwa wakichagua farasi kwa kusoma gazeti.

Leo timu za namna hiyo zipo nyingi, na Marekani zinapendwa na viwanja kiasi cha kurudishiwa sehemu ya makato kwa sababu madau yao ni makubwa. Hapo ndipo haki ya kapu inapoanza kuvuja. Mimi nakatwa 20, mwenzangu mwenye kompyuta anakatwa pungufu, kisha tunaambiwa tunagombania kapu moja. Tena wao hurusha madau yao sekunde za mwisho kabisa. Unakata tiketi odi ikiwa 6, farasi wanatoka getini, ubao unajisasisha wakiwa tayari wanakimbia, na odi yako sasa ni 4. Tiketi ya kapu haikuahidi kitu chochote, na hili hasa huwakera waliotoka kwenye mpira, ambako odi uliyobonyeza ndiyo utakayolipwa.

Kuna vijidosari vingine. Marekani, kwa mfano, malipo yamekuwa yakipunguzwa hadi senti 10 au 20 iliyo karibu chini yake, na hizo senti zilizobaki hazirudi kwa mshindi. Jimbo la Kentucky lilibadili hilo mwaka 2022, sasa hulipa hadi senti ya mwisho. Na kapu linahitaji umwamini anayelihesabu. Mwaka 2002, kwenye mbio kubwa za Breeders' Cup za Marekani, mtaalamu wa programu wa Autotote, kampuni ya mashine za kuhesabia madau, aligundua kwamba tiketi za kubashiri washindi wa mbio sita hazitumwi makao makuu hadi mbio nne ziwe zimekwisha. Akaibadilisha tiketi ya rafiki yake baada ya mbio nne kukimbiwa. Pengine ingepita kimyakimya, ila mbio ya mwisho ilichukuliwa na Volponi, farasi ambaye karibu hakuna aliyemtarajia, na tiketi zote sita zilizopatia zikawa za mtu mmoja, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 3. Watu wakauliza maswali. Mtaalamu na rafiki yake wakaishia gerezani.

Pamoja na yote hayo, ningelazimishwa kuchagua ningechagua kapu, na sababu yangu ni makato. Yanajulikana. Japani yamewekwa wazi dau kwa dau: asilimia 20 kwa kumtaja mshindi, 27.5 kwa kuwataja watatu wa kwanza kwa mpangilio, 30 kwa kupatia washindi wa mbio tano. Kadiri ndoto inavyokuwa kubwa ndivyo unavyokatwa zaidi, na mtu akitaka kujua atajua kabla hajatoa hela. Anaweza hata kupiga hesabu ya siku nzima: ukizungusha shilingi 1,000 kwenye mbio nane kwa makato ya asilimia 20, kwa wastani utatoka uwanjani na 168.

Haya, chukua mkeka wako wa Jumamosi. Tuseme kampuni imejiwekea asilimia 6 tu ndani ya odi ya kila mechi. Inaonekana ndogo, na kwa mechi moja ni nafuu kuliko kapu lolote la farasi. Lakini wangapi kati yetu hubeti mechi moja? Weka mechi kumi, na ile 6 inajirudia ndani ya kila odi unayoizidisha. Ukimaliza, katika kila shilingi 100 zilizowekwa, zinazorudi kwa wachezaji ni kama 54. Makato ya asilimia 46! Hakuna uwanja wa farasi nilioutaja hapa ungethubutu kuandika namba hiyo ukutani. Kwenye mkeka haiandikwi popote, na ukichanika tunamlaumu golikipa.

Makampuni yatajibu kwamba odi hubadilika kila dakika, kwa hiyo asilimia hiyo haiandikiki. Hapana. Odi za Longchamp zilikuwa zinabadilika kila sekunde na makato yalijulikana. Programu inayoweza kuzidisha odi kumi na kuniambia papo hapo kwamba nitashinda milioni mbili, inaweza kuzidisha namba nyingine kumi na kuniambia wenyewe wanabaki na ngapi. Wasimamizi wa michezo ya kubahatisha wa Kenya na Tanzania wanaweza kuamuru mstari huo mmoja, chini ya kila mkeka, kabla ya kitufe cha kuthibitisha.