Mjusi wa Tendaguru na wadogo aliowafunika

Wabunge wa Lindi wamekwisha kuuliza mara nyingi mjusi wa Tendaguru, yaani dainosaria mkubwa aliyechimbwa kwenye kilima cha Tendaguru mkoani Lindi na kupelekwa Berlin, atarudi lini, na jibu la serikali huwaacha watu wakinung'unika. Mwaka 2018 Augustine Mahiga, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, alieleza kuwa Tanzania haitaidai mifupa hiyo kutoka Ujerumani, bali itatafuta ushirikiano katika uchimbaji na utafiti. Wengi waliisikia kama kauli ya mtu aliyekwisha kusalimu amri. Nadhani ilihukumiwa upesi mno.

Wanaotaka mjusi arudi hawana haja ya wakili. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, vita vya Maji Maji vimekwisha juzijuzi na njaa yake haijasahaulika. Zaidi ya tani 200 zilifika bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya wapagazi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Kazi ya kuchimba iliongozwa kila siku na msimamizi Boheti bin Amrani, lakini mnyama akapewa jina la mkurugenzi wa makumbusho ya Berlin, Wilhelm Branca. Tangu 1937 amesimamishwa huko, kimo chake mita 13.27, na wageni wanalipa kiingilio kumwona. Hasira hiyo ni halali. Na anayesema hatuna pa kumweka anatudharau tu; jumba hujengwa.

Shida yangu ni kwamba mjadala mzima una mnyama mmoja. Kwanza, hata huyo mmoja ni mchanganyiko: mifupa ya wanyama kadhaa imeunganishwa, na palipopungua pakajazwa kwa plasta. Pili, kilima kile kilitoa jamii nzima ya wanyama wenye uti wa mgongo walioishi miaka takribani milioni 150 iliyopita. Kuna Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, Elaphrosaurus mwepesi wa mbio, Dicraeosaurus wa shingo fupi, na Dysalotosaurus, mla majani mdogo ambaye mifupa yake ilikutwa imerundikana kwa wingi mahali pamoja.

Hapo kwenye rundo la Dysalotosaurus ndipo ninapoona hoja ya upande wa pili, ule wa ushirikiano, ambayo watetezi wake wenyewe huieleza vibaya. Mifupa ilisafirishwa ikiwa bado imegandiwa na mwamba wake. Mwamba huo ukakaa Berlin miaka na miaka kama uchafu wa kutolewa. Baadaye sana watafiti waliuyeyusha na kuuchekecha, wakaangalia mabaki kwa hadubini. Wakakuta samaki, amfibia, mijusi wadogo kweli kweli, mamba wadogo, na meno ya mamalia. Mwaka 1998 na 1999 wakatangazwa mamalia wapya, Tendagurutherium na Staffia (ambaye sasa huitwa Allostaffia), wanyama ambao hakuna mpagazi wala mzungu wa msafara aliyejua kwamba wamo ndani ya mzigo. Kabla yao alijulikana Brancatherulum, aliyeelezwa 1927 kutokana na taya moja lisilo na meno.

Tafakari ukubwa wa jambo hilo. Mamalia wa enzi za dainosaria Afrika ni adimu mno, na sehemu ya ushahidi wao ilitoka kwenye takataka za kusafishia mfupa. Ukoo wetu sisi, wanyama wa kunyonyesha, wakati ule ulikuwa wa viumbe vidogo vilivyopita chini ya miguu ya hao wakubwa tunaogombania leo. Anayetaka kujua mamalia walitoka wapi, atajifunza zaidi kwenye meno ya Staffia kuliko kwenye paja la yule jitu.

Na hata jitu lenyewe linataka wasomi zaidi ya jukwaa. Kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa Brachiosaurus, jamii moja na yule wa Marekani. Mwaka 2009 mtafiti wa dainosaria Michael Taylor alilinganisha mfupa kwa mfupa, tofauti zikawa nyingi, na jina Giraffatitan likathibitika. Kwa hiyo Tendaguru na magharibi ya Marekani walikuwa na wanyama wa kufanana bila kuwa wale wale. Ulinganisho wa namna hiyo ungeweza kufanywa na Mmwera wa Lindi, kama angefundishwa.

Sasa, simtetei anayetamka "ushirikiano" akaishia hapo. Ushirikiano usio na tarehe, fungu la fedha wala majina ya wanafunzi ni namna nyingine ya kusema hapana, na watu wa vijiji vya Tendaguru wana kila sababu ya kutouamini. Udhaifu wa upande huu ni huo, wala si mdogo.

Lakini wanaodai mjusi wangeweza kuanza na madai magumu zaidi kukataliwa. Berlin inaweza kubisha kwamba kiunzi cha mita 13 kitavunjika njiani. Haiwezi kusema hivyo kuhusu meno yanayoenea kwenye kiganja, wala kuhusu mwamba ambao haujachekechwa. Maabara ya kuuyeyusha na kuuchekecha inahitaji maji, asidi, chekecheo na hadubini, na inaweza kukaa Lindi mjini muda mrefu kabla ya jumba la kumweka jitu kupata hata ramani. Mimi ningedai hao wadogo kwanza, kwa maandishi, pamoja na nafasi za masomo kwa vijana wa Lindi na Mtwara, na dai la mkubwa likabaki mezani.