Tangazo la Feni Isiyo na Kelele

Mteja wangu alipiga simu saa moja asubuhi, na mteja akikupigia saa hiyo ujue hakupigii kukusifu.

"Kijana wangu, hili tangazo ulirekodia juu ya bodaboda?"

Nikamjibu kwamba nilirekodia studio. Studio yenyewe ni kona ya chumba chetu hapa Tandika, baina ya kabati la nguo na ndoo ya maji ya kunywa, lakini hayo mteja hayamhusu.

"Basi studio yenu ina upepo mkali. Hebu sikiliza."

Akanichezea tangazo langu mwenyewe kwenye simu. Sauti ilikuwa yangu, ile nzito ninayoitunza kwa ajili ya maduka tu, nyumbani siitumii: "Feni zetu... hazina kelele... washa, lala, sahau kama ipo..." Na kila niliponyamaza kwa madaha ili maneno yamwingie msikilizaji, nyuma yangu kitu kilijibu: vuuuuuuu.

"Mimi nauza feni isiyo na kelele," mzee akasema polepole, kama anayeongea na mgonjwa. "Ndani ya tangazo kuna feni inanguruma. Anayepita dukani atajua ndiyo hiyo hiyo ninayomuuzia. Sasa hapo umenitangaza au umenichongea?"

Tangazo lilikuwa liwekwe kwenye spika ya duka lake Kariakoo, lijirudie kutwa nzima. Nikamwomba siku tatu. Akanipa, kwa sauti ya mtu ambaye ameshaanza kutafuta kijana mwingine.

Mkosaji nilikuwa namjua. Ni kompyuta yangu ya mezani, ile ndogo ya boksi la kulazwa, mtumba wa ofisini kutoka Uingereza, unaibeba kwapani kama kuku. Niliinunua ndogo kwa sababu mke wangu alinipa kipimo kabisa kabla sijatoka nyumbani: isizidi sinia la pilau. Udogo huo ndio ulioniponza. Ndani mna prosesa, ndiyo ubongo wa kompyuta, ya Core i5 ya mwaka 2015, ya wati 65. Ukisikia wati 65 unaona si kitu, ni taa tu ya zamani. Haya, kaishike hiyo taa ikiwa inawaka. Na joto lote hilo linatolewa na kafeni kasikozidi kiganja, maana boksi halina nafasi ya feni kubwa. Pangaboi likizunguka polepole linapuliza chumba kizima wala hulisikii. Kafeni kadogo, ili kasukume hewa ya kutosha, lazima kazunguke kwa kasi ya wazimu, na kasi ndiyo kelele. Mtazame tembo anavyopepea masikio, halafu mtazame mbu anavyopiga mabawa. Nani anakunyima usingizi?

Tena ilikuwa mwezi wa pili, kaskazi imekaza. Mchana siwezi kurekodi kwa ajili ya makonda wa daladala, jogoo wa mama mwenye nyumba na fundi welding wa jirani, kwa hiyo narekodi usiku wa manane. Na nikirekodi, lazima nizime pangaboi letu.

"Tunatangaza feni," mke wangu akasema gizani, anajipepea kwa kava la daftari, "sisi wenyewe tunaiva."

Usiku wa kwanza nilianza na taulo. Nikaifunika kompyuta kama mtoto mwenye homa. Kelele ikapungua, nikafurahi, nikasema "Feni zetu..." mara moja tu, kisha ikaanza kupanda kutoka chini ya taulo, kwanza kama birika, halafu kama ndege inatafuta kiwanja. Kumbe kompyuta ikisikia joto inaongeza kasi ya feni yenyewe, wala haikuombi ruhusa. Nilikuwa nimemziba mtu pua halafu nikashangaa anahema.

Nikagundua pia kwamba meza nayo ilikuwa inaimba. Mtetemo wa diski na wa feni ulikuwa unapita kwenye miguu ya boksi, unaingia kwenye ubao wa meza, na meza yetu ni ya mninga mkavu, kwa hiyo ikawa ngoma. Nikakata kandambili moja kuukuu vipande vinne, nikaviweka chini ya boksi. Meza ikanyamaza pale pale. Hilo nalisema kwa kujivuna kwa sababu ndilo jambo pekee nililolipatia kwa akili yangu mwenyewe katika kisa hiki chote. (Kandambili ilikuwa ya mke wangu. Tutafika huko.)

Usiku wa pili nikaamua kuondoa tatizo kwenye mzizi: nikachomoa waya wa feni. Kompyuta ikawaka na kuniandikia kwenye skrini kwamba haioni feni, nikitaka kuendelea nibonyeze F1. Nikabonyeza F1 kwa raha ambayo sijawahi kuipata kwenye kibodi. Kimya! Nikasikia saa ya ukutani. Nikasikia mke wangu anavyokoroma, jambo analolikana mpaka leo. Nikafungua programu ya kupima joto, nikaiacha pembeni, nikaanza kurekodi. Nyuzi 61. "Feni zetu..." Nyuzi 74. "...hazina kelele..." Nyuzi 88. Nilipofika "washa, lala" ilikuwa 97, na maiki ikaanza kunasa sauti yangu vipande vipande, kwa sababu prosesa ya aina hii ikikaribia 100 inajipunguzia kasi ili isiungue. Kwenye rekodi nasikika kama mtu anayetangaza biashara huku anazama.

Mke wangu akaamka. "Kwa nini usirekodi kwa simu, kompyuta ukaizima?"

Swali hilo nililipuuza kwa sababu za kitaalamu.

Nikarudisha waya. Halafu nikawaza kwamba huenda ile pesti inayopakwa baina ya prosesa na hitisinki, kile kipande cha metali chenye mapezi kinachonyonya joto, imekauka, maana kompyuta ina miaka. Nikang'oa hitisinki kwa mwanga wa tochi ya simu. Kweli, pesti ilikuwa imekuwa ukoko wa wali, inabanduka kwa kucha. Nikaikwangua vizuri, nikasafisha kwa pamba na spiriti, nikajiona daktari wa upasuaji. Ndipo nikakumbuka kwamba pesti mpya sina, na saa tisa za usiku Kariakoo wanauza usingizi tu.

Bafuni kulikuwa na dawa ya meno.

Msinicheke kabla ya wakati. Kazi ya ile pesti ni kujaza vinyufa vidogo ambavyo hewa ingekaa, kwa sababu hewa haipitishi joto vizuri, na dawa ya meno nayo inajaza. Nikapaka kama punje ya mbaazi, nikafunga. Nyuzi zikashuka, zikakaa sitini na kitu! Feni ikatulia, chumba kizima kikanukia mnanaa. Nikalala nikiamini nimewazidi wahandisi. Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba dawa ya meno ina maji mengi, na maji yakikutana na moto yanajua njia ya kuondoka.

Usiku wa tatu kelele ilikuwa imerudi kidogo, lakini nilikuwa na mpango mkubwa zaidi. Kabati. Lina milango miwili ya mbao nzito, ndani limejaa nguo, na nguo zinameza sauti. Hata studio za kweli huweka mapazia. Nikaiingiza kompyuta kwenye rafu ya katikati, chini ya rundo la mashuka, nikapitisha waya wa skrini na wa maiki kwenye upenyo, nikafunga milango. Sikusikia chochote. Nilirekodi tangazo mara tano, la tano likawa safi mno. Kwa kuwa mambo yalikuwa matamu, nikaipa na kazi nyingine iliyokuwa imelala: kutoa video niliyohariri ya kipaimara ya mtoto wa jirani, yenye urefu wa saa mbili na dakika kumi. Kazi ya namna hiyo inaikamua prosesa mpaka tone la mwisho. Nikaiacha ikijikamua humo kabatini, nikawasha pangaboi, nikalala.

Niliamshwa saa kumi na moja alfajiri kwa kutikiswa bega.

"Baba watoto. Nani anapiga mswaki?"

Ni kweli, kulikuwa na harufu ya mnanaa. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine, ya shuka lililopigwa pasi muda mrefu. Mke wangu akafungua kabati, na hewa iliyotoka humo ilimrudisha nyuma hatua moja. Uliwahi kusimama mlangoni kwa muoka mikate anapofungua tanuri? Hiyo.

Kompyuta ilikuwa imeshajizima yenyewe, video ikiwa imefika asilimia 71. Hilo halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba juu ya boksi palikuwa na kopo la mafuta ya mgando, lisilo na mfuniko tangu Idi, ambalo huwa linakaa kwenye rafu ile na mimi gizani nilitelezesha kompyuta chini yake bila kuuliza. Kwa joto lile, mgando wote ukawa maji. Na feni, ilipofika kasi yake ya mwisho, ikaanza kulitetemesha boksi juu ya vile vipande vya kandambili, na kopo likatembea. Kidogo kidogo, usiku kucha, kama mlevi anayerudi kwao, likafika ukingoni, likaanguka.

Lilianguka juu ya kitenge cha sare.

Kwa asiyejua: kulikuwa na sendofu Jumamosi, kamati ilichagua kitenge, wanawake thelathini walinunua kitenge hicho hicho, na mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa ameshona chake usiku kucha wiki nzima baada ya kumaliza vya wenzake. Alikishika kwa ncha za vidole viwili, akakiinua. Kilikuwa kinang'aa, kinadondosha.

Hakupiga kelele. Ningeshukuru kama angepiga.

"Na kandambili yangu ya kushoto iko wapi?" akauliza.

Nikaonyesha chini ya kompyuta.

Akakaa kitandani, akaitazama kompyuta muda mrefu, kisha akasema, "Leta bisibisi." Nikajua mmoja wetu anafunguliwa, sikujua nani. Akaiweka kompyuta kwenye meza ya cherehani, akaondoa mfuniko. "Umeshawahi kuisafisha?" Nikamwambia nimeifungua jana tu, hitisinki nimeing'oa, iko safi. "Umeing'oa na feni yake juu?" Ndiyo, vimefungwa pamoja. "Hukuvitenganisha."

Akalegeza skrubu nne ndogo, akanyanyua feni. Kati ya feni na mapezi ya hitisinki palikuwa na blanketi. Silitii chumvi: kitambaa kizito cha kijivu, kimeshikamana, unakibandua kipande kizima kama kiraka. Tabaka la chini vumbi la Uingereza, tabaka la juu la Tandika, katikati nywele ya rangi ya shaba ya mtu nisiyemjua, na mende mmoja mkavu kama alama ya kalamu kwenye kurasa. Hewa ilikuwa haipiti kabisa. Feni ilikuwa inapuliza ukuta miezi minane, nami nikaifunika taulo.

"Cherehani ikinguruma," mke wangu akasema, anachokonoa mapezi kwa brashi yake ya mafuta ya mashine, "mimi huwa siifuniki. Naangalia chini ya meno, uchafu wa nyuzi umejaa." Akapuliza. Vumbi la Uingereza likaniingia puani.

Mchana nilikwenda Kariakoo nikanunua pesti ya kweli, kibomba kama cha sindano ya kuku. Nikafuta mnanaa, nikapaka. Nikaingia pia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, pale pa kiwango cha juu cha prosesa, nikaweka asilimia 99 badala ya 100. Asilimia moja hiyo ni uchawi: inaizuia prosesa kujikaza zaidi ya kasi yake ya kawaida, hii yangu inabaki gigahezi 3.2 badala ya kurukia 3.6, na joto linapungua kuliko unavyotegemea. Video ilichelewa kidogo kuisha. Nyuzi 58, kompyuta iko nje ya kabati, milango wazi, na ili kuisikia lazima uinamishe sikio. Kitenge kilifuliwa kwa maji ya moto mara nne, doa likabaki na umbo la ziwa, nikanunua kingine na kulipia usiku mwingine wa kushona. Kandambili nilinunua jozi.

Nikarekodi tangazo kwa mara ya mwisho, pamoja na ile sauti yangu ya maduka. Safi. Ukimya nyuma yake ulikuwa mzito unaweza kuukata kwa kisu cha mkate. Nikamtumia mzee, nikakaa nasubiri sifa.

Akapiga saa moja asubuhi.

"Kijana wangu, limetoka vizuri sana. Ila nimewasikilizisha vijana wa dukani, wanauliza, mbona hatusikii feni? Mtu atajuaje kama ni tangazo la feni? Niwekee upepo kidogo kwa mbali. Usiwe wa kelele. Ila usikike."

Nikaiwasha kompyuta, nikasogeza maiki mpaka ikagusa boksi. Haikutoa hata mkwaruzo. Nikaifungulia video tatu kwa mpigo, nikasubiri. Kimya. Nikageuka kumtazama mke wangu. Alikuwa kwenye cherehani, mguu umesimama juu ya pedeli, ananiangalia mkono wangu, ambao ulikuwa umeshafika kwenye taulo.