Kariakoo ya Dar, Kariokor ya Nairobi: jina libaki au liondoke?

Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina moja, na limezaliwa na vita. Zote mbili zilikuwa kambi za Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mbung'o walikuwa wakiua wanyama wa mizigo na barabara za magari zilikuwa chache, hivyo risasi na unga vikapita vichwani mwa watu. Waliotumikishwa wanakaribia milioni moja, wengi kwa kukamatwa vijijini, hasa mwaka 1917. Waliokufa, kwa hesabu za watawala wenyewe, walizidi 90,000. Maradhi na njaa viliua wengi kuliko risasi.

Dar ilipotekwa mwaka 1916, kambi iliwekwa kwenye soko lililokuwa limejengwa na Wajerumani. Soko lilifunguliwa mwaka 1923, nalo jina la kambi likabaki.

Hoja ya kulifuta ina uzito. Tulishaifuta Acacia Avenue, leo ni Samora. Nairobi nao waliondoa Delamere Avenue wakaweka Kenyatta. Kwa nini basi tuendelee kutaja kila siku kikosi kilichowaswaga babu zetu kama punda? Tena wanunuzi wengi wa vitenge, na mashabiki wa Simba na Yanga wanaokwenda Msimbazi au Jangwani, hawalisikii kabisa jina la vita humo.

Hata hivyo, mimi nasema libaki. Delamere alikuwa mlowezi aliyetukuzwa. Kariakoo halimtukuzi mtawala yeyote. Limetajwa kwa matamshi ya waliobebeshwa mizigo, siyo ya maofisa wao. Na kumbukumbu nyingine walizonazo ni haba mno. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa hawakuandikwa majina popote. Kuna familia ambazo hata mshahara wa marehemu hazikuupata.

Udhaifu wa msimamo wangu naujua: jina peke yake halifundishi. Ndiyo maana soko lililoungua Julai 2021 na kujengwa upya linastahili ukuta wa maandishi ya Kiswahili langoni, ueleze wapagazi walikuwa nani, walitolewa wilaya zipi na walikufa kwa nini. Kariokor nako, pale wanapouza viondo na nyama choma, uwekwe ukuta wa namna hiyo hiyo.