Kopo la Samaki Linataka Msomi

Nani aliyewaambia watu kwamba samaki wa kopo ni chakula cha haraka? Aje hapa Mwanjelwa, Mbeya, tuongee. Aje Julai, jioni, baridi ikiwa imeshaingia mpaka ndani ya soksi, anikute nimesimama dukani nimeshika kopo nalisoma kama mkataba wa kiwanja, na foleni nyuma yangu inanung'unika.

Mimi ni mtu wa kupanga. Chumba kimoja, jiko la mkaa, na mtungi mdogo wa gesi ambao una tabia ya kuisha wageni wakibisha hodi. Maharage nayapenda, na ya huku kwetu ndiyo yenyewe, ila Mbeya tumeinuliwa mno. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji ya huku hayasubiri nyuzi 100 ndipo yachemke. Yakifika 94 hivi yanaanza kububujika na kujisifu. Unaona kifuniko kinarukaruka, unadhani kazi inaendelea, kumbe maharage yamekaa humo yanaota moto tu. Mkaa unaisha, yenyewe bado yakidondokea sahani yanalia kwa-kwa-kwa.

Samaki wa kopo hana hizo habari. Ameshapikwa kiwandani, ndani ya kopo lenyewe likiwa limezibwa, kwa mvuke wenye mgandamizo, nyuzi kama 121. Ndiyo maana hata mfupa wake ukiubana kwa vidole unasagika. Na unatakiwa uule, ndiko kalsiamu iliko. Jirani yangu wa chumba cha pili huwa anachambua miiba mmoja mmoja na kuipanga ukingoni mwa sahani. Amelipia madini, anayatupa. Nimeshamwambia, hasikii.

Kula, basi, hakuna shida. Shida ni kuchagua.

Duka ninaloenda ni la kijana mmoja wa Kikinga, na Wakinga biashara hawafundishwi. Samaki kawaweka rafu ya juu kabisa, karibu na dari, nyuma ya mishumaa. Kwa nini juu? Bei. Kitu cha bei hukaa pasipofikiwa na mtoto wala na mimi. Lazima apande kreti ya soda ndipo alifikie, na akishapanda anategemea ununue, maana magoti yake nayo yana thamani.

Unapewa kopo. Picha safi: samaki mzima anang'aa, jicho linakutazama, pembeni limao limekatwa duara na jani la kijani ambalo sijui ni mboga gani. Nimefungua makopo mengi katika maisha haya, limao sijalikuta hata siku moja. Ukiinama na tochi ya simu unakuta wameandika, kwa herufi za kujificha, kwamba picha ni ya kuonyesha namna ya kupakua tu. Kwa hiyo limao ni ushauri.

Halafu uzito. Kopo refu limeandikwa gramu 425. Unafurahi, karibu nusu kilo hiyo. Ngoja kwanza. Chini yake kuna namba nyingine, ndogo, yenye aibu: uzito wa samaki mchuzi ukishamwagwa, gramu 235. Zile 190 nyingine ni wekundu. Hapo ndipo wengi tunapopigwa. Mtu analinganisha makopo kwa urefu, anabeba lile refu kwa furaha, akifika nyumbani vipande vitatu vinaogelea. Mimi nalinganisha namba ya chini na bei. Yule kijana hapendi kabisa hii tabia.

"Kaka, unampima samaki tena, wakati wenzio walishampima kiwandani?"

"Walipima na maji, mdogo wangu."

Nikitoka hapo nahamia kwenye viungo. Huwa vinaandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi kinatangulia. Samaki asipokuwa wa kwanza kwenye orodha, kopo linarudi kwenye kreti. Maji yakitangulia mbele ya nyanya, huo si mchuzi wa nyanya, hayo ni maji yaliyopita jirani na nyanya. Wanga ukitajwa mapema, kuna mtu huko kiwandani alikuwa anapika uji. Kopo la maana lina maneno machache: samaki, nyanya, mafuta, chumvi, basi. Likiwa na aya nzima ya majina ya maabara, mimi nilifeli kemia, sitaki kufanya mtihani tena kwa hela yangu.

Jodari ndiyo siasa yenyewe. Yupo wa minofu, ukifungua unaona nyama imejipanga kwa heshima. Na yupo wa chengachenga, yaani yale yaliyomeguka wakati wenzake wanakatwa. Watu wanamdharau huyu wa chenga, mimi simdharau, anategemea unampeleka wapi. Rungwe kuna parachichi mpaka zinadondoka zenyewe. Ponda moja iliyoiva, tia jodari wa chenga, kitunguu kilichokatwa vidogo sana, kamulia ndimu, pilipili kwa imani yako, paka kwenye mkate. Hujawasha hata kiberiti. Kununua minofu kwa kazi hiyo ni kutupa hela. Ila ole wako umtie wa chenga kwenye sufuria ya mchuzi ukaanza kukoroga: dakika tano umepata tope. Wa mafuta, angalia ni mafuta gani, kisha kaangia kitunguu mafuta hayohayo, yana ladha tayari. Wa maji ya chumvi, weka mbali mkono wenye chumvi mpaka uonje. Na jodari ukimwonja, ulimi ukawaka na wewe hukutia pilipili, tema. Huyo alikaa juani kabla hajaingia kopo akapata sumu, na kupika hakuiondoi.

Tarehe sasa. Imegongwa kwenye kifuniko, na aliyeigonga alikuwa anawahi gari. 03/07. Hiyo ni tarehe 3 Julai au tarehe 7 Machi? Sisi tunaanza na siku, Wamarekani wanaanza na mwezi, Wachina wanaanza na mwaka. Jodari katoka Tailandi, sadini katoka Moroko, wamepita mikononi mwa watu wa lugha zote, halafu ninayetakiwa kuamua ni mimi, mtu ambaye hata tarehe ya kodi huwa nakumbushwa na mlango unapogongwa. Afadhali samaki wa kopo anapewa miaka kadhaa, miezi minne si ya kutugombanisha. Lakini mwaka ukiwa umekwanguliwa, au juu ya tarehe ya zamani pamebandikwa stika mpya inayong'aa, mimi simo.

Mambo ya usalama wa chakula yalihamia TBS, wale wa viwango, mwaka 2019 yakitoka TFDA, wale wa chakula na dawa, nami nikahama nayo. Zamani nilikuwa nauliza kama TFDA wanalijua kopo hili, siku hizi nauliza kama TBS wanalijua. Jibu la dukani halijabadilika: "Unanunua au hununui?"

Foleni nayo ina wataalamu wake. Kuna mzee wa koti refu alikuja akanisogelea begani kunisaidia.

"Kijana, angalia ile mistari myeusi yenye namba. Namba zikianza na 620, hiyo ni mali ya Tanzania. Chukua, umalize."

"Shikamoo, mzee wangu. Hiyo 620 ni ya Tanzania kweli, ila inaonyesha mwenye chapa kajisajili wapi. Haisemi samaki kavuliwa wapi."

"Marahaba. Kwani wewe unataka kumpelekea salamu kwao?"

Foleni nzima ikacheka. Nikanyamaza. Mzee akanunua kiberiti na kuondoka mshindi.

Lakini siku niliyokaribia kukosana kabisa na kijana wa Kikinga ni siku aliponipa kopo lililovimba.

"Hili limevimba, mdogo wangu."

"Halijavimba, kaka, ni hewa ya huku juu. Hata krispi zikishapanda mlima Kitonga pakiti zinajaa."

Hapo alinikamata, maana kwa krispi ni kweli tupu. Pakiti inatoka Dar imelegea, ikifika Mbeya imevimba mashavu, kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi na ile iliyofungiwa ndani inataka nafasi. Wateja wakaanza kutikisa vichwa, wakaona kijana kasoma. Ikabidi nitoe darasa. Kopo la samaki hufungwa hewa ikiwa imepunguzwa ndani, kwa hiyo kifuniko cha kopo zima kimebonyea kidogo kwenda ndani, au kimelala sawa. Lipandishe Kitonga, lipitishe Makambako, lifikishe hadi Tunduma, litabaki hivyo. Likitunisha kifuniko, au ukibonyeza katikati kikaitikia tik-tak, humo ndani kuna vijidudu vinatoa gesi. Na katika ukoo huo yumo mmoja anayetengeneza sumu ya botulini, ambayo haikuonyi kwa harufu wala kwa ladha. Inalegeza misuli, mpaka ile ya kuvutia pumzi.

Kijana akafikiri. Akalitazama kopo, akanitazama mimi.

"Basi nakupunguzia mia tano."

Mia tano! Jeneza la mninga la bei gani siku hizi?

Kubonyea ni habari nyingine, na hapo mimi si mkali kama watu wanavyonisema. Kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 800, kopo limelaliwa na katoni za sabuni, utegemee nini? Lililobonyea ubavuni kidogo, bila kona kali, nalichukua, na hapo ndipo naomba hiyo mia tano. Lililobonyea kwenye mshono, ule ukingo wa juu au wa chini, siligusi hata likiwa la bure, kwa sababu hapo ndipo pakiachia nafasi vijidudu vinapata mlango. Kutu inayofutika kwa kidole, sawa. Kutu iliyochimba, hapana. Na chini ya kopo pakiwa panateleza mafuta, usiulize yametoka wapi.

Mama mwenye nyumba, Mnyakyusa wa Kyela, haelewi lolote katika hayo.

"Gwe mwanangu, samaki wa bati? Na usipa wote wale ziwani?"

"Shikamoo, mama. Usipa ni watamu, nakubali."

Na nakubali kwa moyo. Usipa wa Ziwa Nyasa waliokauka vizuri, wakakaangwa na nyanya za Ilula, hakuna kopo duniani la kuwasogelea, na bei yao inakaa mfukoni. Ila kwanza uchambue mchanga, uoshe, uoshe tena, ukaange, na harufu ikae kwenye shuka mpaka wiki ipinde. Mimi natoka kazini saa moja usiku. Chumba ni kimoja. Shuka ni hilohilo.

Basi tuseme umechagua, umelipa, noti ya elfu tano imerudi na chenji ya aibu, umefika nyumbani. Wali wa Kyela umeiva, kitunguu na hoho vinachekana kwenye kikaango. Unashika kile kipete cha kuvutia juu ya kopo. Unavuta. Kipete kinakuja. Kopo linabaki limefungwa vilevile, linakutazama.

Hapo huwa namkumbuka Peter Durand, aliyepata hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu, ya kopo la bati kule Uingereza mwaka 1810. Kifungulio je? Kile cha Ezra Warner kilipata hataza Marekani mwaka 1858. Piga hesabu mwenyewe. Karibu miaka hamsini binadamu walikuwa na chakula ndani ya chuma, wanakifungua kwa patasi na nyundo! Na wenye viwanda waliona sawa tu. Aliyeninyofolea kipete changu ni wa ukoo huohuo. Mimi patasi sina, fundi seremala wa jirani keshafunga, kwa hiyo nikachukua kisu cha jikoni na jiwe la kuegeshea mlango, nikaanza kugonga pembeni kwa pembeni. Mchuzi ulinirukia shati. Kisu kikapinda. Jirani wa kuchambua miiba akauliza kupitia ukuta kama ninajenga.

Kikapatikana kipenyo cha kupitisha kijiko. Samaki anaingia kwenye kikaango mwisho kabisa, nyanya zikishaiva, na hakorogwi: unatikisa kikaango, unafunika, unamwacha apate moto. Yeye ameiva tangu Moroko, unampasha tu. Kikibaki kitu hakilali ndani ya kopo, kinahamia bakuli lenye kifuniko. Chumba changu Julai kina ubaridi wa kujidai lakini si friji, kwa hiyo mimi nakimaliza usiku uleule na sioni haya.

Nilikuwa sijanawa hata mikono, hodi. Mama mwenye nyumba. Nikajua ni kodi, kumbe siyo.

"Mwanangu, hilo kopo usitupe. Nataka la kupimia ulezi."

Nikaliosha, nikagonga makali yote yakalala ndani, nikampa kwa mikono miwili. Akalipeleka kwenye taa. Akaligeuza juu, akaligeuza chini, akapitisha kidole kwenye mshono taratibu. Kisha akanirudishia.

"Hili limebonyea. Ukinunua lingine, chagua zuri."